Uvumilivu Tunaoudai kwa Wenzetu



Neno "uvumilivu" limebadilika matumizi katika miji yetu. Zamani mtu alilitumia kujiusia mwenyewe: alipofiwa, alipocheleweshewa fedha za korosho, alipouguliwa na asiwe na nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitali ya Ndanda. Siku hizi analitumia kumshitaki mwenzake. Wa chama tawala anasema wapinzani hawana uvumilivu, kwa kuwa wanawatukana viongozi na kuwazomea wenye fulana za kijani. Wa upinzani anasema wa chama tawala hawana uvumilivu, kwa kuwa hawataki kusikia kauli isiyo yao, na kila alalamikaye wanamwita mvunja amani. Kila upande una ushahidi wake, na aghalabu ushahidi huo ni wa kweli. Anayekosekana ni mtu wa kujihesabu mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu mchungu.

Sisi tuandikao haya tumekabidhiwa daftari la kamati ya msikiti pembezoni mwa Masasi, na sehemu kubwa ya jamaa zetu wako mlimani, Newala. Kwa hiyo tunayaona mambo haya katika miji yote miwili. Daftari la kamati si kitabu cha siasa. Humo huandikwa michango ya mabati, bei ya mikeka, zamu za kufagia na akiba ya sanda. Lakini katika miaka hii ya karibuni yameingia mambo mengine, na kwa kuwa yanagusa nyumba za Waislamu, tumeona si vema yabaki kabatini.

Wiki chache kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2025, khatibu wetu alihutubia kuhusu amana. Alisema uongozi ni amana na aliyepewa ataulizwa. Akasema dhuluma ni giza Siku ya Kiyama. Kisha akasema damu ya mtu ni tukufu, na kwamba fitina ikiwaka haichagui nyumba. Khutba ilichukua robo saa. Kabla ya Alasiri vipande viwili vilikwisha kusambaa katika makundi ya WhatsApp ya mji mzima. Kipande kimoja kilikuwa na dhuluma peke yake. Kingine kilikuwa na fitina peke yake.

Jumatatu yake tulipokea barua mbili. Ya kwanza ilisema khatibu amewapigia debe wapinzani juu ya mimbari. Ya pili ilisema khatibu amenunuliwa na watawala ili awafunge watu midomo. Barua zote mbili ziliomba khatibu aondolewe. Zote mbili zilitoa sababu moja, tena karibu kwa maneno yale yale: kwamba ameonyesha kutowavumilia waumini wenye mawazo tofauti. Katika kikao tulizisoma moja baada ya nyingine bila kutaja majina. Wazee wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, maana kila mmoja alikuwa na jamaa upande mmoja au mwingine. Khatibu hakuondolewa. Lakini waandishi wa barua zile, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakisimama safu moja, mmoja wao sasa anaswali Ijumaa msikiti mwingine.

Tusimdhulumu mtu kwa kudai kwamba ugomvi huu hauna sababu. Watu wa Kusini wana madai yao, na madai hayo yana historia. Januari 2013, wakati wa mzozo wa bomba la gesi kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, moto uliwaka hapa Masasi. Nyumba za wabunge na ofisi zilichomwa, na watu walipoteza maisha. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alilazimika kuja Mtwara kukaa na makundi mbalimbali na kuwasikiliza. Mei mwaka huo huo Mtwara ikawaka tena. Kisha ikaja korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, hakuna msimu uliopita bila ubishi juu ya mnada, makato na ucheleweshaji wa malipo. Novemba 2018 Serikali iliamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulitumia jeshi kuzisomba. Wako waliosifu bei ile, na wako waliongoja fedha zao hadi mwaka uliofuata. Na uchaguzi wetu huja Oktoba, mwezi ule ule ambao minada hufunguliwa. Kura na korosho vikikutana, hasira za ghala huhamia kwenye sanduku, na hasira za sanduku hurudi nyumbani.

Basi watu kutofautiana si jambo la ajabu wala si dhambi. Lililo la ajabu ni jinsi tunavyotofautiana. Mwaka 2015 mkoa wetu uligawanyika: Tandahimba na Mtwara Mjini zilichagua wabunge wa CUF, Ndanda ikachagua wa CHADEMA, Masasi Mjini na Newala Mjini zikabaki kwa CCM. Mwaka ule tuliona ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana. Ulipofika uchaguzi wa 2020, waliokuwa wabunge wa Tandahimba na Ndanda walirudi bungeni kwa tiketi ya CCM. Hatuwalaumu, sheria inawaruhusu, na kila mtu ana hesabu yake. Tunachosema ni kwamba waliogombewa walivuka mto, na waliowagombea wakabaki kila mmoja ukingo wake, hawapeani mkono. Msomaji na ajiulize ni nani aliyebaki na hasara.

Tunao mfano mkubwa zaidi kwa ndugu zetu wa Zanzibar. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 1995, uliokwisha kwa tofauti ndogo mno baina ya Dk. Salmin Amour na Maalim Seif Sharif Hamad, uhasama uliingia hata mahali pasipostahili kuingia. Kisiwani Pemba hasa, watu walisusiana maduka, wakasusiana harusi, wakasusiana maziko. Palikuwa na Waislamu waliokataa kuswali nyuma ya Waislamu wenzao kwa sababu ya kadi. Mwafaka ulitiwa saini mwaka 1999 usidumu. Januari 2001 damu ikamwagika, na watu wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mwafaka wa pili ukafuata Oktoba 2001. Ilibidi ingojewe Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walipokutana na kuzungumza, na Julai 31, 2010, wananchi walipopiga kura ya maoni na asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Maridhiano yale yalikuwa neema, ingawa uchaguzi wa 2015 ulipofutwa majeraha yalifunguka tena. Lakini hebu tufikirie ile miaka kumi na mitano ya mwanzo. Viongozi walikaa meza moja mwishowe. Mzee aliyezikwa mwaka 1996 na watu wachache kwa sababu ya chama cha mwanawe, nani atamrudishia waombolezaji wake? Bibi harusi aliyetazama majamvi matupu upande wa shangazi zake, nani atamrudishia siku ile? Wanasiasa wana nafasi ya kuafikiana baadaye. Haki za maziko na harusi zina siku yake, na siku ikipita hailipwi.

Hapa ndipo tunapotaka kusema lile lililotufanya tushike kalamu. Uvumilivu anaoamrishwa Muislamu si kukubaliana na mwenzake, wala si kunyamaza mbele ya kosa. Ni kumtimizia mwenzako haki yake wakati hamkubaliani. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu ana haki juu ya Muislamu mwenzake: kumwitikia salamu, kumzuru akiugua, kuitika mwaliko wake, kumnasihi akitaka nasaha, kumwombea rehema anapochemua na kumshukuru Allah, na kulifuata jeneza lake. Haki hizi hazikuwekewa sharti la kadi. Hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba salamu ya mpinzani haijibiwi au kwamba jeneza la mwana chama tawala halibebwi.

Tuisome kwa utulivu Suratul-Hujurat, yenye aya kumi na nane tu. Aya ya 6 inatuamrisha kuhakiki habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na sisi tunasambaza kipande cha sauti kabla hatujakisikiliza hadi mwisho. Aya ya 11 inakataza kudharauliana na kuitana majina ya kuchukiza. Na sisi tumewafundisha watoto kuitana "msaliti" na "chawa". Aya ya 12 inakataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Na wako miongoni mwetu wanaopiga picha mlangoni mwa jirani ili ijulikane nani kaingia. Lakini aya ya 9 ndiyo ya kuzingatiwa zaidi. Inazungumzia makundi mawili yanayopigana, na hata katika kupigana huko Allah (S.W.) ameyaita yote mawili kuwa ni ya waumini. Hakuliondolea jina hilo kundi lolote. Kisha akaamrisha wapatanishwe kwa uadilifu, na anayedhulumu azuiwe mpaka arudi kwenye haki.

Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba Sayyidna Ali (R.A.), baada ya vita vya Ngamia mwaka 36 Hijria, aliwaswalia waliouawa wa pande zote mbili. Waliokuja baadaye wakageuza hitilafu ya utawala kuwa hukumu ya ukafiri walikuwa Khawariji, na umma unajua walikofikia. Walianza kwa kudai haki, wakaishia kumwaga damu za Waislamu kwa kuwa tu hawakuwa upande wao.

Wako watakaosema maneno haya ni mepesi kuandikwa gazetini. Basi tueleze lililotokea katika kamati yetu msimu wa korosho uliopita. Kijana mmoja wa Newala alimposa binti wa Masasi. Kijana anaswali, ana shamba na pikipiki yake, mahari ilikwisha kukubaliwa. Katikati ya kampeni baba wa binti akaona picha ya baba wa kijana akiwa chini ya bendera ya chama kingine. Akarudisha mahari. Alisema hawezi kumtoa mwanawe kwa watu wasiomvumilia yeye na chama chake. Binti alimleta mjomba wake mbele ya kamati. Msomaji wa kwetu anaelewa uzito wa hilo, kwa kuwa Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa mama, na neno la mjomba si neno la mpita njia. Lakini kisharia walii ni baba, na mjomba alilijua hilo. Hakuja kumpokonya shemeji yake haki, alikuja kuuliza kama ana haki ya kuzuia.

Jibu la fiqhi liko wazi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, wanavyuoni wametaja mambo yanayoangaliwa katika kulingana kwa mume na mke, likiwemo la dini na mwenendo. Chama cha siasa hakimo. Na walii anayemzuia binti yake asiolewe na mume anayelingana naye, ambaye binti mwenyewe amemridhia, bila sababu ya kisharia, anahesabiwa kuwa amedhulumu, na suala hupelekwa kwa kadhi. Tungeweza kuandika barua kwa kadhi siku ile ile, na binti angepata ndoa yake. Lakini angeipata akiwa amempoteza baba.

Kwa hiyo wazee wetu wawili walimwendea yule baba nyumbani, baada ya Isha, mara tatu. Mara ya kwanza hawakumtajia hukumu; walisikiliza madai yake, na mengine yalikuwa ya kweli: alizomewa sokoni, na duka lake lilisusiwa kwa mwezi mzima. Mara ya pili walimwomba aseme ni nani hasa aliyemzomea. Kijana yule hakuwamo, wala baba yake. Mara ya tatu ndipo wakamweleza hukumu ya walii, kwa upole lakini bila kuificha. Mzee akakaa kimya kitambo kirefu, kisha akasema: "Haya, mwambieni mwenzangu aje, lakini khanga za chama zisiingie kwangu, zangu wala zake." Ndoa ilifungwa. Wanawake wa nyumba zote mbili walipika pilau pamoja. Wako jamaa wa pande zote mbili ambao hawakuhudhuria hadi leo tunapoandika, na hatutadai kwamba mambo yamekuwa shwari. Lakini binti ameolewa kwa radhi ya babake.

Jambo jingine linatutia hofu zaidi. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ulifanyika chama kikuu cha upinzani kikiwa nje ya kinyang'anyiro na kiongozi wake akiwa mahabusu kwa shitaka la uhaini. Katika miji kadhaa nchini zilizuka ghasia. Watu waliuawa, na idadi yao ingali inabishaniwa. Intaneti ilikatwa kwa siku kadhaa. Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Novemba Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Intaneti iliporudi, yalirudi nayo maneno ya sumu: kwamba ugomvi huu ni wa dini moja dhidi ya nyingine, kwamba anayekosoa anafanya hivyo kwa kuwa ni Mkristo na anayetetea anatetea kwa kuwa ni Muislamu.

Maneno hayo pengine humwingia mtu ambaye hajaona jirani wa dini nyingine. Hapa Masasi hayana pa kukaa. Wamisionari wa Kianglikana walifika hapa mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani. Uislamu nao ulikuja kwa njia za misafara na kwa walimu waliotoka pwani. Tangu hapo ukoo mmoja umekuwa na Andrea na Abdallah, na bibi yao mmoja. Rais Benjamin Mkapa, Mkristo, alizaliwa Lupaso, katika nchi hii hii ambamo jirani wa ukuta mmoja aweza kuwa Muislamu. Anayetaka tuchukiane kidini anatutaka tuwakane wajomba zetu. Na haki ya jirani, ndugu msomaji, Uislamu umeithibitisha kwa kila jirani, hata asiye wa dini yetu.

Wazee wetu walikuwa na utani. Mtani aliweza kukwambia ukweli mchungu msibani kwako, ukacheka huku unalia, na hukumwekea kinyongo. Utani ulikuwa na mpaka: mtani aliyekutania mchana ndiye aliyekuchimbia kaburi jioni. Matusi ya kisiasa yamechukua maneno ya utani yakaacha kuchimba kaburi. Ukitaka kujua kama mzaha wako kwa mwana wa chama kingine ni utani au ni uadui, tazama kama uko tayari kushika jembe akifiwa.

Tunawaonya pia wale wanaolitumia neno "amani" kuwanyamazisha wenye madai. Mkulima anayedai fedha zake si mvunja amani. Mama anayeuliza mwanawe yuko wapi si mchochezi. Kumwambia mwenye uchungu "vumilia" ilhali wewe ndiwe uliyemkanyaga si uvumilivu, ni ubabe. Na tunawaonya wanaolitumia neno "haki" kuhalalisha matusi na mawe. Haki haidaiwi kwa kuvunja haki ya mwingine. Aya ya 9 imeyaweka yote mawili pamoja, suluhu na uadilifu, na anayechukua moja akaacha jingine hajaitekeleza.

Kamati yetu imekubaliana mambo machache, na tunayaandika hapa huenda yakazifaa kamati nyingine. Kwanza, mimbari si jukwaa. Khatibu atataja haki na dhuluma, lakini hatataja chama wala mgombea, na sheria za uchaguzi nazo zinakataza kampeni katika nyumba za ibada. Pili, kila khutba sasa inarekodiwa yote na kuwekwa kwa katibu, ili mwenye kusikia kipande aje asikilize nzima kabla ya kuandika barua. Tatu, akifa Muislamu yeyote wa mtaa, kamati inatoa watu wanne wa kubeba jeneza, wawili kutoka kila upande, bila kuuliza. Nne, katika madrasa mtoto akimwita mwenzake jina la kisiasa, mwalimu hampigi. Anampeleka kwa mzazi na kumwuliza mzazi jina hilo limetoka wapi.

Jambo la nne ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu jibu linajulikana. Limetoka sebuleni. Limetoka mbele ya redio, kwenye simu ya baba, jikoni kwa mama, katika soga la jioni watoto wakidhaniwa wamelala. Hakuna kamati inayofika huko. Huko ndiko kwenu, ndugu wasomaji, na ndiko tunakoomba mwanzie. Kabla ya kuhesabu makosa ya upande wa pili, kila nyumba na ijiulize: katika mwezi huu, ni haki ipi ya mtu nisiyekubaliana naye nimeitimiza? Nimemwitikia salamu? Nimemzuru mgonjwa wake? Nimekwenda kwenye hitma yake? Mwenye kukuta jibu ni "hapana" hana haja ya kungoja mwenzake aanze.

Allah atuwafikishe. Amin.